Sombe Kwanza, Chai Baadaye

Pu. Pu. Pu. Halafu, mkono ukiwa umeshachoka kabisa: cha. Cha. Cha.

Sauti hiyo bado naisikia kama jana. Pu ni majani ambayo bado yanakataa. Mutwangio, yaani mchi, unayagonga, unarudi juu. Cha ni majani yaliyoanza kutoa maji, yameachiana, yamekubali. Mama Nyota, mwanamke wa Fizi kule Kongo aliyenifundisha kazi hapa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi huku Malawi, hakuangalia ndani ya kinu hata siku moja. Alikalia kidumu chake cha manjano, amenipa mgongo, anachambua maharagwe. Nikisimama kupumua kabla ya wakati, anasema bila kugeuka:

"Riziki, bado. Sijasikia maji."

"Mama, minachoka."

"Unachoka na pu. Choka na cha, njo tutaongea."

Nyinyi batoto mnaopita mlangoni kwangu mkienda shule mnaniita yaya, dada mkubwa, mnaniuliza, "Yaya Riziki, mbona uliacha sombe?" Mnadhani nilipata kazi nzuri. Hapana. Nakaa tu hapa chini ya bati, nauza nyanya na ndimu, na nimechoka. Si kuchoka kwa leo. Ni kuchoka ambako unalala nako, unaamka, nako kumeamka zamani kunakungoja. Sijafika umri wa kuitwa koko, yaani bibi, lakini bega langu la kuume lilifika, lilinitangulia. Basi kaeni kidogo, niwaambie yale ninayoyajua kabla sijasahau na yale.

Sombe ni majani ya muhogo. Watanzania wanaita kisamvu. Chagua machanga ya juu, yale yanayokunjika bila kuvunjika. Mabichi yana sumu, hilo mulishike. Mama Nyota hakusema sumu, alisema hasira. "Majani iko na hasira. Unatwanga juu hasira ifunguke, unachemsha juu ijiendee. Sasa ukifunika sufuria, hasira itaenda wapi? Itarudi kwenye tumbo yako." Kwa hiyo chemsho la kwanza ni wazi, mfuniko uko pembeni, na wewe husimami na pua juu ya mvuke kama unanusa manukato. Ikichemka mpaka ile harufu kali imekwisha, njo unaweka kitunguu, mawese, samaki kavu. Nani asiyejua hayo? Wengi. Makala, yaani mkaa, ni ghali, na mtu akiona sufuria wazi anaona moto unapotea.

Mpishi mmoja wa harusi hakutaka moto upotee. Alimwaga bikarbonati, ile magadi soda, ndani ya sombe ili iive haraka. Iliiva haraka, ndiyo, na ikawa kijani cha kung'aa kama ndoo mpya, na iliteleza. Mjomba wa bwana harusi alionja, akaangalia kijiko, akauliza mbele ya bantu wote: "Samahani bamama, hii tunakula ao tunaogea?" Mpaka leo yule mpishi wanamwita Mama Savoni, Mama Sabuni. Miaka baadaye niliambiwa kwamba unga ule, mbali na utelezi, unaua vitamini nyingi za majani. Yaani mulikula rangi tu, wageni wa harusi. Poleni.

Mimi nilipenda kazi, msinielewe vibaya. Zamani nilikuwa napanda minibasi na ndoo yangu ya sombe iliyoiva, imefungwa na kitambaa, mpaka Area 23 kule Lilongwe. Tukipita Kanengo, harufu ya tumbaku ilikuwa inaingia dirishani inapigana na harufu ya mawese, na abiria wananiangalia mimi, si tumbaku. Mteja wangu wa kwanza alikuwa mama wa Kimalawi anayeuza kaunjika, zile nguo za mitumba. Alifunua kitambaa, akacheka.

"Wakongo! Mnakula hata mti wa muhogo? Mizizi haikutosha?"

"Onja, amayi," nikamwambia, nikimwita mama kwa Kichewa chao.

Akaonja. Akaita mwenzake. Siku nyingine mawese yalipokosekana sokoni, yeye njo alinifundisha kuweka nsinjiro, unga wa karanga, kama wanavyoweka kwenye majani ya maboga. Nilikataa kwanza, nikaona ni kuharibu sombe ya babu zangu. Lakini karanga ina mafuta, na ile rangi inayojificha ndani ya kijani cha majani, ile inayosaidia macho, inataka mafuta ili mwili uichukue. Bila mafuta inapita tu kama mgeni ambaye hakukaribishwa kiti. Na karanga inaongeza mwili. Kwa hiyo sombe yangu ikawa ya Fizi na ya Malawi, na babu zangu hawajalalamika.

Kurudi, nikiwa na ndoo tupu kwenye magoti, niliota. Kuota sikuwahi kuacha, hata sasa. Niliota mgahawa mbele ya Capital Hill, kwenye ofisi za serikali, meza zenye vitambaa vyeupe, wakubwa wa wizara wamepanga mstari na tai zao, wanasema, "Amayi Riziki, imebaki?" Na mimi najibu kwa upole, "Ngojeni, wazee, kila mtu atapata." Kondakta alinigonga bega mara nyingi: "Amayi, tumefika, teremka."

Sasa kuna desturi moja niwaeleze, maana hadithi yote iko hapo. Kwetu mtwangaji hali sombe anayoitwanga. Wanasema mtwangaji anashiba harufu. Unaitwa nyumbani kwa watu, unatwanga, unachemsha, unaacha sufuria yao, unapewa chai. Chai yenyewe si ya mchezo: imechemshwa na tangawizi mpaka imekuwa rangi ya udongo, sukari imejaa, na pembeni kipande cha mkate. Nyumba inayofuata, chai tena. Mtu akikunyima chai amekudharau. Mimi nilikunywa chai ya Dzaleka yote. Jioni nikifika kwangu, nani ana nguvu ya kuwasha mbaula, jiko la mkaa? Nilipasha ugali wa jana, ule wanaouita nsima, nikaushusha na chai.

Furaha alikuja kuolewa mtaani kwetu na fundi cherehani, kijana mpole wa Bukavu. Msichana mdogo, mcheshi, kila kitu kwake ni kicheko. Aliniita Yaya tangu siku ya kwanza. Alipopata mimba, kicheko kilipungua. Akipanda kutoka bombani na maji anasimama njiani, mkono kifuani. Na alianza kutafuna udongo. Nilimwona, akaficha mkono nyuma kama mtoto.

Nilimpeleka kliniki mimi, maana hakujua Kichewa, na Kichewa changu cha sokoni kilitosha. Sisteri, muuguzi wa pale, Mmalawi mwenye sauti ya chini, alimchoma kidole, akasubiri, akatikisa kichwa. "Magazi ndi ochepa." Damu ni kidogo. Akampa vidonge vya chuma, akamwambia ale mboga za majani, maharagwe, samaki wadogo wa usipa. Akasema kama damu haitapanda, hawezi kuzalia hapa, watampeleka hospitali kubwa ya Lilongwe.

Nilitafsiri yote. Furaha alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema polepole, "Yaya, dada yangu alikufaka vile. Alizaa muzuri, mutoto akalia, sisi wote tunafurahi, kumbe damu inatoka tu. Haikusimama."

Sikumtafsiria sisteri hayo. Nilimshika mkono, tukarudi.

Mama mkwe wake, Mama Bahati, ni mwanamke wa Bukavu wa kweli: kitenge kimepigwa pasi hata siku ya kwenda shambani, na nyumba yake haikosi birika motoni. Aliposikia habari aliniita. Alikuwa ameogopa, na yeye akiogopa anaamrisha.

"Riziki mwanangu, sombe inaongezaka damu, sivyo?"

"Inasaidia, Mama."

"Basi kila siku unatwanga hapa. Kila siku! Huyu mutoto hatakwenda kufia Lilongwe mbele ya bantu hatujue."

"Mama, usiseme kufa," Furaha akasema.

"Nasema juu isitokee! Kula."

Basi nilitwanga. Nilitwanga kwa moyo, jamani, sijawahi kutwanga sombe namna ile. Niliweka usipa, niliweka nsinjiro. Siku ya mapumziko ya sombe nilileta lengalenga, ule mchicha unaoota wenyewe nyuma ya vyoo na kwenye mashamba, nikauchemsha kidogo tu, maana wenyewe hauna hasira, na ukiupika sana unabaki jina. Furaha alikula. Mama Bahati alikaa mbele yake kama askari, anahesabu matonge. Na baada ya kula, kwa upendo wote, alimmiminia kikombe kikubwa cha chai. Kidonge cha chuma kilimtia Furaha kichefuchefu, kwa hiyo na chenyewe alikimeza na chai, kwa vile tangawizi inatuliza tumbo. Mimi nilikaa pembeni na kikombe changu. Tulikuwa tunafanya vizuri sana. Tulijipongeza.

Tuliporudi kliniki damu haikuwa imepanda. Ilikuwa imeshuka kidogo.

Nyumbani Mama Bahati alivua kitambaa cha kichwa, akakikunja, akakikunjua.

"Riziki, hii sombe yako haina nguvu. Unachemsha mpaka nguvu inatoka."

"Mama, nisipochemsha tutamuua kwa njia nyingine."

"Banasema ukikamua majani mabichi, unakunywa maji yake, damu inapanda siku mbili."

"Majani gani?"

"Majani! Hii hapa!" Na akaonyesha kikapu changu cha sombe mbichi.

Wako wanaokamua matembele, majani ya viazi vitamu, hayo ni mengine. Lakini juisi ya sombe mbichi, kwa mwanamke mwenye mimba? Nilibeba kikapu, nikakishika kifuani kama mtoto. "Mama Bahati, wewe ni mama yangu. Nitakutii kwa yote. Hii hapana."

"Sasa tufanye nini? Tukae tu?"

"Turudi kliniki sote. Na wewe njoo. Uulize wewe mwenyewe."

Alikuja. Na kitenge chake bora. Sisteri alikuwa na mstari mrefu, lakini alituona sisi watatu tumekaa tumekunja uso, akavuta kiti. Hakuuliza Furaha anakula nini. Hilo tulikuwa tumeshalijibu, tulilijua kama sala. Aliuliza: "Anakunywa nini akila?"

Nilitafsiri. Mama Bahati akajibu kwa fahari, "Chai. Chai muzuri. Na tangawizi."

"Na kidonge?"

"Na chai."

Sisteri aliweka kalamu chini, akaanza kueleza, na mimi nikatafsiri, na kadiri nilivyotafsiri sauti yangu ilipungua. Alisema chuma cha majani na maharagwe ni kigumu kuingia kwenye damu, si kama cha nyama au samaki. Kinahitaji msaada. Ndimu inakisaidia, chungwa, pera, embe, hata nyanya mbichi. Lakini chai nyeusi, kahawa pia, ina kitu kinachoshika kile chuma tumboni na kukizuia. Mimi Kichewa changu kikakwama, nikamfafanulia Mama Bahati kwa njia yangu: "Mama, chuma kinatoka kwenye sombe, kimevaa vizuri, kinakwenda zake kwenye damu. Njiani kinakutana na chai. Chai inakishika mkono, inasema, rafiki, twende wote. Wanaenda wote mpaka chooni."

Furaha akaangua kicheko. Kicheko chake cha zamani. Nilikuwa nimekisahau.

Mama Bahati hakucheka. "Chai? Chai njo inafanya hivyo? Mutu wa Bukavu bila chai, Riziki, huyo si mutu, ni picha."

"Haijasemwa aache, Mama. Sombe kwanza, ndimu juu yake wakati wa kula, kidonge na maji. Chai baadaye, tumbo likishamaliza kazi. Kati ya chakula na chakula."

"Baadaye ya muda gani?"

Nikamuuliza sisteri, akasema baada ya saa moja au mbili. Mama Bahati akafikiri kwa uchungu. "Wageni watasema nimekuwa mubaya."

Sisteri, ambaye hakuelewa maneno lakini alielewa uso, alimgusa goti. Halafu akanigeukia mimi. Sijui aliona nini. Alinyosha kidole, akavuta kope langu la chini, kama tunavyoangalia jicho la mbuzi sokoni.

"Na wewe amayi? Unachoka?"

"Kila mtu anachoka, Sisteri."

"Unasikia moyo unapiga ukipanda mlima?"

"Ni bega," nikasema, jibu la kijinga, najua.

Akasema nije siku nyingine nipimwe na mimi. Nikasema ndiyo, zikomo, asante, nitakuja. Sikutafsiri sehemu hiyo. Sote tulikuwa na kazi ya Furaha.

Zile wiki zilizofuata zilikuwa ndefu. Mama Bahati, nimpe haki yake, akiamua ameamua. Aliondoa birika motoni wakati wa chakula, akaliweka nje ya mlango kama mlevi aliyefukuzwa. Mgeni akifika anakula, anangoja, anatazama mlango. "Chai iko njiani," anaambiwa. "Inatoka wapi?" mgeni mmoja aliuliza, "mashamba ya chai ya Thyolo?" Furaha alikamua ndimu hadi vidole vikamuuma. Udongo aliuacha taratibu; hakuna aliyemfokea, hamu yenyewe ilipungua. Mumewe alijifunza kununua usipa, akauziwa waliooza, akafundishwa tena.

Mimi kutwanga kulianza kunishinda. Siku moja, kwenye pu, kabla hata ya maji, dunia ilijaa nukta nyeupe nikashika ukingo wa kinu. Mama Bahati aliona. Alituma majani yakasagwe kwenye mashine iliyokuwa imeletwa mtaani. Ilisaga kila kitu kwa muda wa kukohoa. Furaha alikula akasema ni tamu sawa. Niliumia kidogo, nakiri, halafu nikaona ni upuuzi kuumia. Kama sombe ni ya damu ya mtu, damu haiulizi ni mkono ao mashine. Ulizeni tu kama ilichemshwa wazi, maana mashine inasaga haraka, lakini kuchemsha kuko palepale. Tangu hapo sikushika mutwangio tena. Hakukuwa na sherehe ya kuagwa.

Mara ya tatu kupimwa, sisteri alitazama kile kipimo, akamwonyesha Furaha mwenyewe, si mimi. Imepanda. Si sana, lakini imepanda, na iliendelea. Akasema uzazi utakuwa hapa hapa Dzaleka.

Ulikuwa asubuhi, mchana ukiingia. Mimi na Mama Bahati tulikaa nje kwenye ukuta wa kliniki. Mtoto alilia, na Mama Bahati akanishika mkono, hakufurahi. Alingoja. Wote wawili tulingoja kile kingine, kile kilichompata dada yake Furaha. Nesi mdogo alipita na beseni, akarudi. Kisha sisteri akatoka, akikausha mikono, akatuona tulivyokaa, akasema damu imesimama vizuri, mama anaomba chakula.

Mama Bahati alilia mpaka kitenge kikalowa. Halafu akasema, "Anaomba chakula? Basi mutu asimpe chai kwanza!" na tukacheka kama wendawazimu mbele ya watu wote wa mstari.

Ni msichana. Amepewa jina la yule dada.

Hayo njo niliyotaka kuwaambia, batoto. Nyumba zenu zote zina majani, na majani yana mengi ndani, na sisi tunayashusha kwa mazoea bila kuuliza. Chemsheni wazi yanayohitaji. Msiyaue kwa bikarbonati. Wekeni mafuta kidogo, wekeni ndimu mwishoni. Maharagwe lowekeni. Chai ngojeni. Na vidonge mkipewa mumeze, majani peke yake hayabebi mzigo wote, nilidhani yanabeba.

Siku ya pili baada ya uzazi ule, wote walikuwa kwa Furaha kutazama mtoto. Niliosha uso, nikafunga mlango, nikaenda kliniki. Nilikaa kwenye benchi mwisho wa mstari, nikisogea kila mtu aliposogea. Sisteri alipoinua macho alinitafuta nyuma, kulia, kushoto.

"Leo umemleta nani, amayi?"

"Nimejileta."

Nikatazama mikono yangu. Nikachagua kidole chenye sugu kidogo, nikakinyosha achome.